Boma Juu ya Kabati

Juu ya kabati la nguo la Mwalimu Makrina kulikuwa na kompyuta iliyopungukiwa na kitu kimoja. Ilikaa katika vipande sita ndani ya maboksi sita, na haikuwahi kuwaka hata siku moja. Kila Jumamosi asubuhi Makrina aliyashusha maboksi, akayafuta vumbi, akayafungua, akatazama ndani, akayafunga na kuyarudisha mahali pake. Kazi hiyo ilichukua robo saa. Aliifanya bila kukosa, hata katika miezi ile ambayo Mbekenyera nzima hupulizia mikorosho dawa, na unga wa salfa huingia mpaka kwenye kopo la chumvi.

Wazo la kuunda kompyuta lilikuwa la Linus, mumewe. Linus alikuwa afisa TEHAMA huko Mpanda, upande wa pili wa nchi. Aliajiriwa miezi mitatu baada ya harusi yao, wakati Makrina tayari anafundisha jiografia Mbekenyera. Waliomba uhamisho, yeye aende kule au Linus aje huku. Maombi hayakukataliwa wala hayakukubaliwa. Makrina alikwenda Mpanda mara mbili. Safari ilimchukua siku tatu kwenda na tatu kurudi, na likizo ya mwalimu wa kidato cha nne ni masomo ya ziada. Kwa hiyo walikubaliana kwamba Linus ndiye atakayekuja, Juni na Desemba.

Juni ya mwaka juzi alikuja. Makrina akamwambia kwamba amedunduliza na anataka kwenda Nachingwea kununua kompyuta. Linus akaweka kikombe chini.

"Ununue iliyotumika? Unajuaje aliyeitumia aliitendea nini?"

"Wengine wananunua."

"Wengine wananunua magonjwa ya watu. Sisi tutaunda yetu, mke wangu. Kitu kimoja kimoja, kizuri, kipya. Kama watu wanavyojenga nyumba."

Makrina aliuelewa mfano huo mara moja, kwa sababu aliishi katikati yake. Hapa ufuta ukiuzwa, mtu hununua saruji. Korosho zikiuzwa, kuta hupanda. Mwaka ukiwa mbaya, kazi husimama na majani huota sebuleni. Nyumba inaweza kukaa miaka mitano bila paa, ikaitwa boma, na hakuna anayemcheka mwenyewe. Boma ni ahadi iliyosimama. Kila apitaye huliona na kujua kwamba mtu fulani ana nia ya kuishi hapo.

Ndiyo maana alikubali. Kompyuta yenyewe angeweza kuipata ndani ya wiki moja. Alichokubali ni vipande saba, yaani sababu saba za Linus kukumbuka njia ya kwenda Mbekenyera.

"Prosesa, ubongo wenyewe, itakuwa ya mwisho," alisema Linus, akifungua kiganja kumwonyesha ukubwa wake. "Hiyo siitumi kwa basi. Nitaileta mwenyewe. Tutakaa hapa chini sakafuni, tuunganishe pamoja. Utashika bisibisi."

"Nikikosea?"

"Faini. Utanipikia chai na vitumbua."

"Basi nitakosea makusudi."

Kasha la kompyuta lilikuja Agosti. Wakala wa basi alipiga simu kutoka Ruangwa, "Mwalimu, mzigo wako umefika, ni mkubwa lakini mwepesi kama umebeba hewa," na Makrina akalifuata kwa bodaboda. Oktoba ikaja pawa saplai, ya kuipa umeme. Machi ya mwaka uliofuata ikaja mazabodi, ile bodi kuu ambayo vipande vyote hukaa juu yake. Kwenye mfuniko wa boksi lake Linus alikuwa ameandika kwa kalamu nzito, kwa herufi zake zilizolala: *Nimeitafuta wiki tatu. Inataka ram ya kizazi cha nne tu. Usimruhusu mtu aiguse kwa vidole vyenye jasho, hata wewe.* Makrina aliisoma ile "hata wewe" mara nyingi kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Juni Linus alikuja mwenyewe na diski. Septemba ikaja skrini. Desemba hakuja; kulikuwa na ukaguzi. Februari ya mwaka huu ikaja ram, kile kijibao cha kumbukumbu, ndani ya bahasha, bila neno lolote juu yake. Juni hakuja, kulikuwa na mfumo mpya wa mapato. Ilipofika Oktoba, ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu Makrina amwone mumewe.

Moza, aliyefundisha hisabati na kuishi nyumba ya pili, hakulionea haya jambo hilo.

"Mwenzangu, maboma nimeyaona ya matofali na ya udongo," alisema, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo. "La kompyuta ndiyo kwanza naliona kwako."

"Paa linakuja."

"Linakuja, au fundi amekimbia na nyundo?"

"Moza, leta mihogo, kisha uende."

"Naenda. Ila kumbuka, fimbo ya mbali haiui nyoka." Akaingia, akaketi, akala mihogo yote mwenyewe.

Mwezi huohuo Makrina alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili kwa njia ya masafa. Masomo yalianza Novemba. Kila kazi ilipaswa kuandikwa na kutumwa kwa kompyuta, na simu yake ilikuwa ndogo na kioo chake kilikuwa kimepasuka. Alimpigia Linus siku hiyohiyo.

"Hongera sana, mke wangu. Nilijua utapata."

"Linus, Novemba ni wiki nne."

"Prosesa ninayo. Nitaileta Desemba."

"Masomo hayasubiri Desemba."

"Basi uamuzi ni wako. Ila ukinunua ya dukani, hivi vyote tulivyokusanya vitakuwa vya nini?"

Swali hilo alikaa nalo wiki nzima. Alilipima kama mwalimu anavyopima jibu la mwanafunzi, upande huu na upande ule. Akinunua, atakuwa amesema kwamba Linus haji. Asiponunua, atapoteza nafasi aliyoiomba miaka mitatu. Alichotaka hasa ni kitu cha tatu, nacho hakikuuzwa popote: Linus ameketi sakafuni, bisibisi mkononi, akimtoza faini.

Jumamosi alishusha maboksi na hakuyarudisha. Skrini aliiacha, maana ingefaa kwa vyovyote. Vingine alivifunga kwenye katoni moja, akaviringisha kasha kwa blanketi, akaenda Nachingwea. Mpango wake ulikuwa wa wastani. Atamwonyesha fundi, atauliza prosesa inapatikana kwa bei gani, kisha ataamua.

Duka la fundi Ausi lilikuwa karibu na stendi. Ausi alianza kwa kutengeneza redio, akahamia simu, akafika kwenye kompyuta, na vitu vya enzi zote tatu vilikuwa bado vimejazana rafuni. Mezani kulikuwa na kompyuta moja nyeusi iliyotumika, imewashwa, ikivuma.

"Karibu, Mwalimu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkoba. Wa wapi?"

"Mbekenyera. Kwetu Songea, Peramiho."

Ausi aliruka kutoka kwenye kiti. "Mngoni! Jamani, fungeni mlango, tumevamiwa tena!" Wateja wawili waliokuwa wakichaji simu wakacheka. "Babu zako walitufukuza Wamwera mpaka tukalala juu ya mawe. Leo wamekutuma na katoni. Kuna mkuki humo?"

"Babu zangu walichoka kuwafukuza," alisema Makrina. "Mlikuwa na mbio kuliko digidigi."

"Mtani wangu kabisa huyu! Kaa, kaa."

Mngoni na Mmwera ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani, na anayeambiwa hana ruhusa ya kununa. Makrina alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alifungua katoni.

Ausi alipoiona mazabodi alipangusa vidole kwenye suruali kabla ya kuishika. Akaitazama pawa saplai, akaitazama diski.

"Nani alichagua hivi?"

"Mume wangu. Yeye ni fundi. Yuko Mpanda."

"Huyu ni fundi kweli. Bodi kama hii mimi sijawahi kuletewa hapa." Alichukua ram kutoka kwenye bahasha, akailenga kwenye nafasi yake. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akaiinua usawa wa macho, akaonyesha pengo dogo lililokatwa upande wa chini. "Pengo hili lilitakiwa likutane na kizuizi hiki hapa. Halikutani. Hii ni ya kizazi cha tatu, ya zamani." Akausoma mfuniko wa boksi kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye "hata wewe". Kisha akacheka, kwa sababu alikuwa mtani, na kazi ya mtani ndiyo hiyo.

"Mngoni wee! Aliyechagua bodi na aliyenunua ram ni watu wawili tofauti. Huyu wa kwanza alikuwa na mke moyoni. Huyu wa pili alinunua kama mtu anayenunua karanga dirishani, basi linaondoka!"

Wateja wakacheka tena. Makrina naye alicheka, kama desturi inavyotaka. Kicheko kilitoka sawasawa mwanzoni. Kisha hakikusimama pale alipotaka kisimame, na ilimbidi ainamie katoni kana kwamba anatafuta kitu.

"Samahani," alisema. "Napiga simu."

Alisimama nje, chini ya upenu wa bati. Linus alipokea haraka.

"Linus, ram haiingii kwenye bodi."

"Isukume kidogo. Huwa ngumu."

"Ni ya kizazi cha tatu. Bodi inataka ya nne."

"Bodi ipi?"

Lori lilipita, na Makrina alilisubiri lipite lote.

"Yetu," alisema.

"Ndiyo, yetu, lakini ni ya aina gani? Nimesahau. Nisomee."

Alimsomea maandishi yake mwenyewe. Hakuhitaji mfuniko; aliyajua kwa moyo. Aliishia kwenye "kizazi cha nne tu". Yaliyofuata hakuyasoma.

"Ah," alisema Linus. "Sikuangalia. Nilikuwa semina Dodoma, nikapita dukani haraka. Niliona miezi inapita sijakutumia kitu."

"Na prosesa?"

Linus alirudi kwenye habari za semina.

"Linus. Prosesa iko wapi?"

"Sijainunua."

"Ulisema unayo."

"Nilisema. Nilitaka uwe na kitu cha kusubiri."

Makrina aliegemea ukuta. Ulikuwa wa moto. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja ni picha ya mtu huyohuyo miaka miwili nyuma, akifungua kiganja kuonyesha ukubwa wa kitu ambacho hakikuwamo.

"Utakuja?" aliuliza. Hakuwahi kuuliza kwa neno moja namna hiyo.

"Kila nikisema nakuja, Makrina, nasema kweli. Siku ikifika najikuta sijafunga begi." Sauti yake ilishuka. "Nimezoea huku. Sijui ilianza lini. Hakuna mtu mwingine, ukitaka kujua. Nimezoea tu."

"Nimekusikia," alisema Makrina, akakata simu.

Ausi alikuwa amepanga vipande mezani kwa utaratibu, kila kimoja juu ya boksi lake. Alimtazama usoni mara moja, akawaambia wateja wawili wakapunge hewa nje.

"Mwalimu, nimefikiri," alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Ram sahihi ninayo. Prosesa ya kuingia humu ninayo pia, imetumika kidogo. Nipe saa mbili nikuunganishie. Itakuwa kompyuta nzuri kuliko zote wilayani, na utanilipa kidogo. Hii nyeusi ya mezani ni nzee. Inavuma kama unavyoisikia."

Makrina alivitazama vyote viwili. Upande mmoja kulikuwa na vitu vizuri, vipya, vilivyokusanywa kwa mapenzi na kuachwa njiani. Upande mwingine kulikuwa na kompyuta ya mtu asiyemjua, yenye mikwaruzo, iliyowaka. Aliona wazi jinsi ambavyo angeiwasha ile ya kwanza kila siku. Kila siku angekumbuka kwamba mikono iliyoiunganisha haikuwa ile iliyoahidi.

"Nitachukua hiyo ya mezani. Hivi ukate kwenye bei."

"Mtani, ya kuunda ni bora."

"Najua ni bora."

"Sasa?"

"Hii nyeusi haimsubiri mtu."

Ausi alikuna kidevu. Aliinama, akachomoa nyaya, akaanza kuifunga kompyuta kwa kamba. Alipofika fundo la mwisho akashindwa kujizuia.

"Haya. Mngoni aliyeteka nchi nzima leo amekubali kupanga nyumba ya mtu."

"Nyumba ya kupanga ina paa, mtani," alisema Makrina. Walicheka wote wawili, na safari hii kicheko kilisimama mahali pake.

Masomo yalianza. Makrina aliiweka kompyuta mezani karibu na dirisha, akaiunganisha na ile skrini, akafanya kazi ya kwanza na ya pili. Juu ya kabati palibaki peupe. Jumamosi aliamka, akaenda mpaka kabatini, akakumbuka hakuna cha kufuta. Alikaa kitandani robo saa nzima mpaka muda wa kazi ile ulipokwisha.

Linus aliendelea kupiga simu kila Jumapili saa kumi alasiri, kama zamani. Walizungumza habari za mvua na za wazazi. Wote wawili waliongea kwa adabu kupita kiasi.

Jumapili ya tatu, katikati ya habari za mvua, Linus alisita.

"Uko mashineni? Unasaga mahindi?"

"Niko nyumbani. Ni kompyuta."

"Ndiyo inayovuma hivyo?"

"Ilivuma tangu dukani. Sasa imezidi. Jana ilizimika yenyewe mara mbili."

"Ina joto ubavuni?"

"Siwezi kuweka mkono."

Alisikia Linus akivuta pumzi. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa ile ya zamani, ya mtu aliyetafuta bodi moja kwa wiki tatu.

"Sikiliza. Izime. Chomoa waya ukutani. Bonyeza swichi yake mara moja bila umeme, imalize chaji iliyobaki. Umefanya?"

"Nimefanya."

"Ilaze sakafuni kwa ubavu. Uwe mpole nayo. Una bisibisi?"

"Ninayo."

"Weka simu chini, fungua spika. Nyuma kuna skrubu mbili."

Makrina aliketi sakafuni. Skrubu ya kwanza ilitoka kwa urahisi, ya pili ilimkataa. Linus alimwambia aibane kidogo kwanza ndipo ailegeze, na ikatoka. Akavuta bati la ubavuni. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, zito, limejikunja kwenye feni kama sufi.

"Unaona nini?"

"Vumbi. Linus, ni la kwingine kabisa. La kwetu ni jekundu."

Linus alicheka. Alikuwa hajamsikia akicheka kwa muda mrefu. "Hilo limevuka bahari. Tafuta unyoya wa kuku, mkubwa, mkavu."

Makrina alitoka, akaokota unyoya nyuma ya banda la kuku wa Moza, akaupangusa, akarudi. Linus alimwongoza. Kwanza feni, ubawa mmoja baada ya mwingine, akiishika kwa kidole isizunguke. Kisha kile chuma chenye mikunjo chini yake, pale inapokaa prosesa. Hicho asikikandamize. Aliuliza kila hatua na kusubiri jibu. Alimwambia rangi za nyaya, naye akamwambia kila moja inakwenda wapi na kwa nini. Mara mbili Makrina alikosea, na mara zote mbili Linus alisema, "Taratibu." Neno faini hakulitaja.

"Umekaaje?" aliuliza Linus ghafla.

"Nimekaa chini."

"Hata mimi. Sijui kwa nini nimekaa chini."

Walifika kwenye skrubu za mwisho. Dakika hamsini zilikuwa zimepita, na katika mwaka mzima hawakuwa wamezungumza kwa muda kama huo. Makrina alirudisha bati, akakaza skrubu, akainua kompyuta mezani, akachomeka waya. Kazi ya tatu ya masomo ilitakiwa kesho. Hilo alilijua. Alijua pia kwamba Linus haji Desemba, na kwamba hatamuuliza tena.

"Sasa washa, tusikie."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya swichi.

"Umewasha?"

"Bado," alisema Makrina.

Linus hakumharakisha. Kwenye simu kulikuwa na pumzi zake, na mbali nyuma yake jogoo wa Mpanda akiwika saa isiyo yake. Makrina alisikiliza mpaka aliporidhika kwamba amesikiliza vya kutosha. Kisha akabonyeza.